Tuambiane ugonjwa wa matango ukiingia mtaani

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wakulima wa matango hapa Nairobi, hasa wenzangu wa Ruai, Njiru, Mwiki na Utawala, pamoja na madalali wanaotununulia. Nina jambo la kuungama, na nina ombi.

Mimi ni mama wa miaka 57. Miaka 22 nilikuwa fundi wa nguo Kariobangi. Korona ilipoingia mwaka 2020, sare za shule na nguo za harusi zikakosa wateja. Nikauza cherehani mbili kati ya tatu nilizokuwa nazo, nikahamia kwenye ploti ya hamsini kwa mia ambayo marehemu mume wangu aliiacha huku Ruai. Nikajenga kivungulio, yaani grinihausi, cha miti na karatasi ya nailoni, mita 8 kwa 15, nikaanza na nyanya. Nyanya zilinishinda kwa sababu ya mnyauko, nikageukia matango. Kivungulio hicho kinaingia miche 300.

Mwezi Juni mwaka 2023 ndipo nilipofanya kosa ninalotaka kulisema hapa.

Nilikuwa nachuma kwa mara ya pili. Kwenye majani ya chini nikaona madoa ya manjano yaliyopauka. Fundi wa nguo huangalia mkato kabla ya rangi, na mimi niliona kwanza kwamba madoa yale hayakuwa ya duara. Yalikuwa na pembe. Kila doa lilikomea kwenye mshipa wa jani, kama kiraka kilichokatwa kikafuata mshono. Nililiona jambo hilo waziwazi, lakini sikujua lina maana gani, na hakuna aliyenieleza.

Nilichuma jani moja nikalipeleka kwenye duka la dawa za kilimo. Kijana aliyekuwa kaunta alilitazama upande wa juu tu.

"Hiyo ni blaiti, Mama. Na hii baridi pia imelichoma. Piga hii."

Akanipa salfa. Nilipiga Jumanne, nikapiga tena Jumamosi, nikapiga Jumatano iliyofuata. Kila nikipiga naona madoa yanapanda jani moja juu zaidi. Siku ya tisa majani ya chini yalikuwa ya kahawia, kingo zimejikunja kuelekea juu, yamekauka kiasi kwamba ukiyashika yanavunjika mkononi. Ungedhani mtu amepita na moto usiku. Matango yaliyobaki kwenye kamba yakakosa kivuli, yakababuka kwa jua. Mengine yalijipinda, mengine yakabaki madogo kama kidole gumba. Nilikuwa nachuma kilo 70 kila mara. Chumo la mwisho lilikuwa kilo 9, na hizo 9 nilizila na majirani.

Hasara hiyo ilikuwa yangu, na naweza kuibeba. Kinachonikosesha raha ni kingine.

Ng'ambo ya barabara yetu ya vumbi, kama hatua 150 upande upepo unakoelekea, kuna mzee aliyekuwa na matango ya nje, miche 600 kwenye kamba, na paipu za matone alizonunua kwa mkopo wa chama. Wiki ile ya kwanza, kabla majani yangu hayajakauka, alisimama kwenye ua akaniuliza, "Mama, matango yanaendeleaje?"

Nikamjibu, "Yako sawa, Mzee. Tunamshukuru Mungu."

Nilimjibu hivyo kwa sababu Ijumaa dalali alikuwa anakuja. Niliogopa kwamba neno "ugonjwa" likivuka ua litamfikia, na bei ya shilingi 50 kwa kilo itashuka hadi 20, au asije kabisa. Basi nikafunga karatasi ya pembeni ya kivungulio ili mtu asione ndani. Sikujua kwamba kwa kuifunga nilikuwa nahifadhi unyevu na kuulisha ugonjwa wenyewe.

Siku kumi baadaye mzee alikuja na jani mkononi. Madoa yenye pembe. Nilipoliona jani lile nilijua, na bado sikumwambia. Mwisho wa Julai alikuwa amekata kamba zote. Mkopo wa chama aliendelea kuulipa hadi Aprili mwaka uliofuata, na mimi nilikuwa naketi naye kwenye chama hichohicho nikimwona akihesabu noti.

Nilikuja kumwambia mwaka jana. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Ungeniambia ningeokoa hata nusu." Na ni kweli. Naandika barua hii kwa ajili ya hiyo nusu.

Aliyenifungua macho ni msichana anayesomea kilimo pale Kabete, mpangaji katika nyumba ya jirani. Alikuja kununua sukuma wiki, akaona mabaki ya matango yangu. Aliinama, akachukua jani ambalo lilikuwa bado na ukijani, akaniuliza, "Mama, umewahi kuligeuza?"

Sikuwa nimewahi. Mwezi mzima nilikuwa natazama majani upande wa juu, na dukani pia walilitazama upande wa juu. Alilifunika kwa tishu iliyoloweshwa, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akaniambia niliache mezani hadi asubuhi. Saa kumi na mbili asubuhi nikalitoa. Chini ya kila doa la manjano kulikuwa na manyoya mafupi ya kijivu yanayoelekea zambarau, kama vumbi la kitambaa cha sufu linalobaki chini ya cherehani. Mpaka wa manyoya ulikuwa uleule wa mishipa.

Huo ndio ubwiri vinyoya. Na hapa naomba wasomaji wanivumilie, kwa sababu majina yametuponza. Huku kwetu kila jani likiugua tunasema blaiti. Lakini kuna ubwiri unga, ule mweupe kama unga wa ngano, unaokaa upande wa juu wa jani na kufutika kwa kidole, na ambao hauhitaji jani kulowa. Salfa ni dawa ya huo. Ubwiri vinyoya ni kitu kingine kabisa, na salfa niliyopiga mara tatu haikuwa na kazi yoyote pale. Kuna pia ugonjwa wa bakteria unaotoa madoa yenye pembe kama haya, ila huo hauna manyoya chini, na mara nyingi doa hukauka likadondoka na kuacha tundu. Kwa hiyo pembe peke yake haitoshi. Ni lazima jani ligeuzwe, tena asubuhi mapema likiwa na umande. Mchana wa jua manyoya hayo hupukutika na utadhani jani ni safi.

Kiumbe chenyewe wataalamu wanakiita Pseudoperonospora cubensis, na jina hilo la pili latokana na Kuba, kwa kuwa kilielezwa mara ya kwanza mwaka 1868 kutokana na majani ya huko. Sisi tunakiita kuvu, lakini si kuvu halisi. Kiko katika jamii ya ukungu wa maji, karibu zaidi na mwani kuliko na uyoga, na ndiyo sababu dawa nyingi za kuvu hukipita bila kukigusa. Vijimbegu vyake vikitua juu ya jani lililolowa hutoa vijidudu vyenye mikia ambavyo huogelea katika ule utando mwembamba wa maji hadi kwenye vitundu vya kupumulia vya jani, vikaingia humo. Jani likibaki limelowa kwa muda wa saa mbili tu, na joto likiwa karibu nyuzi 20, hilo latosha. Baada ya hapo hutaona kitu kwa siku 4 hadi 12. Halafu madoa, halafu manyoya usiku wenye unyevu, halafu asubuhi jani linapoanza kukauka vijimbegu vinaachia na kupanda upepo.

Sasa fikiria Nairobi ya Juni, Julai na Agosti. Wingu kutwa, manyunyu ya alfajiri, nyuzi 11 au 12 asubuhi, 21 au 22 mchana, umande unaokaa juu ya majani hadi saa nne. Ugonjwa huu hauwezi kuomba hali nzuri zaidi. Tunaposema "baridi imeyachoma" tunaikosea baridi. Baridi inauandalia ugonjwa mazingira, lakini mwuaji ana jina, na anazuilika.

Kuna jambo moja ambalo msichana yule aliniambia nikakaa kimya kulifikiria. Kiumbe hiki hakiwezi kuishi ila ndani ya jani lililo hai. Mmea ukifa, nacho kinakufa. Nchi zenye majira ya theluji hukipoteza kila mwaka mashambani, kisha upepo hukirudisha kutoka maeneo yenye joto. Huku kwetu hakuna theluji ya kukikata. Kinapitia kutoka shamba hadi shamba mwaka mzima, na sisi ndio tunaokihifadhi: katika lile shamba la matango lililokwisha kuchumwa likaachwa lijifie polepole, katika malenge yanayotambaa kwenye ua, katika tikiti na zukini, maana ugonjwa huu hushambulia jamii hiyo yote. Mimi mwenyewe mwaka ule niliiacha mimea yangu iliyougua imesimama wiki tano, nikitumaini itachipua. Wiki tano nzima kila asubuhi ilikuwa inapeleka mbegu za ugonjwa kwa mzee.

Siku hizi, siku nikichuma mara ya mwisho, jioni hiyohiyo nang'oa yote na kuyafukia. Naona uchungu kila mara, kwa sababu huwa kuna maua mawili matatu bado, lakini nang'oa.

Niseme kidogo ninavyolima sasa. Kamba zangu nimezitenganisha zaidi; miche 300 nimepunguza ikawa 220, na mapato hayakupungua kama nilivyoogopa. Majani ya chini nayakata mmea ukifika kifuani, ili upepo upite miguuni. Maji ni ya matone, asubuhi, chini kwenye shina. Zamani nilikuwa nanyunyiza kwa mpira jioni nikitoka sokoni, na majani yanalala yamelowa. Karatasi za pembeni nazikunja saa moja asubuhi hata kukiwa na baridi, matone ya jasho yanayoning'inia kwenye paa yakauke kabla hayajadondoka. Na siingii kuchuma majani yakiwa na umande, maana nguo na mikono hubeba vijimbegu kutoka mmea hadi mmea. Wachumaji wangu wawili walilalamika kwamba tunachelewa soko. Tunachelewa, ndiyo.

Mbegu nazo zina habari ambayo hakuna aliyetusomea. Kwenye pakiti nyingi za chotara, kwa maandishi madogo, kuna herufi za magonjwa ambayo aina hiyo inastahimili. Tafuteni herufi Pcu. Hizo ndizo za ubwiri vinyoya. Mkiona Px peke yake, hiyo ni ya ubwiri unga. Zikitanguliwa na IR, ustahimilivu wake ni wa kadiri: mmea utaugua, lakini polepole, na utakupa muda. Mtu asikudanganye kwamba mbegu peke yake yatosha. Huko Marekani wakulima wa matango walikaa miongo kadhaa wakitegemea aina stahimilivu, karibu wausahau ugonjwa. Mwaka 2004 aina mpya ya kiumbe hicho ikaingia majimbo ya mashariki, na ustahimilivu ule ukashindwa kuwakinga.

Dawa ni mlango ambao wengi wetu tunaibiwa fedha bila mwizi. Nilipoanza kusoma maandishi ya chini ya jina kubwa la pakiti, nilitoa pakiti tatu nilizokuwa nazo stoo. Rangi tatu, majina matatu, bei tatu. Ndani zote zilikuwa na kitu kilekile: mankozebu na metalaksili. Nilikuwa nadhani nabadilisha dawa, kumbe nabadilisha karatasi. Na metalaksili ni dawa ambayo ugonjwa huu uliizoea haraka mno. Iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufikia mwaka 1980 watafiti wa Israeli walikuwa wameshaandika kuhusu ubwiri wa matango usioisikia tena. Mankozebu yenyewe hukaa juu ya jani kama koti la mvua. Inakinga jani ambalo halijaingiwa. Ukiivalisha jani ambalo adui yuko ndani tayari, umechelewa. Kwa hiyo zungusheni viambato, si majina: leo chenye dimethomofu, zamu nyingine propamokabu, nyingine simoksanili, kila mara kwa kipimo cha lebo na kwa idadi ya mara inayoruhusiwa. Na mdomo wa pampu uelekezwe juu kutoka chini, maana adui yuko chini ya jani. Mimi nilikuwa nalowesha migongo ya majani na kuacha matumbo makavu.

Kabla ya kulipa, tazameni kama pakiti ina nambari ya usajili ya PCPB, bodi yetu ya kudhibiti viuatilifu, na kama tango limetajwa kati ya mimea inayoruhusiwa. Dukani wakikukataza kufungua karatasi ya maelezo, ondoka.

Na hapa nina neno zito. Tango haliingii jikoni likapikwa. Linaoshwa, linakatwa, linaingia kwenye kachumbari, mtoto analila na ganda. Ile Ijumaa ya Juni 2023 dalali alipokuja, nilikuwa nimepiga dawa Jumatano. Lebo ilitaka siku 7 kabla ya kuchuma. Nilichuma. Sikumwambia, na yeye hakuuliza, na kule soko la Marikiti pia hakuna aliyeuliza. Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuidhinisha mankozebu mwishoni mwa mwaka 2020 kwa sababu za afya. Huku kwetu nimeizoea kuiona ikipimwa kwa kifuniko cha chupa na kukorogwa kwa mkono mtupu. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ziheshimiwe kama tunavyoheshimu tarehe ya mtihani wa mtoto. Kama umepiga leo na broka anakuja kesho, mpigie simu asije.

Nirudi kwa madalali, kwa kuwa woga wetu unaanzia kwao. Ndugu zangu, ubwiri vinyoya ni ugonjwa wa jani. Hauli tunda. Tango lililotoka kwenye shamba lenye ubwiri, likiwa limenyooka na lina rangi yake, na siku za dawa zimepita, ni tango zima. Litapungua ukubwa kwa sababu jani lililopaswa kulilisha limekufa, na yale yaliyojipinda au kubabuka mnayaona wenyewe kwa macho, yakataeni. Lakini mkulima akikwambia "nina ubwiri", usimkate bei kwa neno hilo. Kila mnapomkata bei aliyesema ukweli, mnawafundisha wengine kumi kufunga karatasi za vivungulio na kusema "yako sawa". Na ugonjwa uliofichwa shamba moja Juni, mwezi Agosti unawakosesha ninyi mzigo mtaa mzima. Mmewahi kujiuliza kwa nini matango ya Ruai huadimika ghafla kwa pamoja? Ni kwa sababu tunaugua pamoja na kunyamaza pamoja.

Ombi langu kwa kaunti ni dogo. Tangu Katiba ya 2010, ugani, yaani kuwashauri wakulima, ni kazi ya kaunti. Nairobi ina hata sheria yake ya kilimo cha mjini, ya mwaka 2015, kwa hiyo hakuna anayeweza kutuambia kwamba sisi hatupo. Naomba afisa mmoja wa kilimo akae sokoni kwa kila wadi asubuhi moja kwa wiki, kuanzia Mei hadi Agosti, na kioo cha kukuzia na meza. Hatuhitaji semina ya hotelini. Tunahitaji mtu wa kugeuza jani kabla hatujaingia dukani. Kijana wa dukani simlaumu sana. Hakuna aliyemfundisha pia, na anaishi kwa kuuza.

Ombi langu kwako wewe, Mhariri, ni la upana wa vidole vitatu. Marekani wana mpango unaofuatilia ugonjwa huuhuu katika jamii ya matango: ukionekana mahali, unatiwa kwenye ramani, na wakulima wa kaunti za jirani hupata tahadhari ili wapige dawa ya kinga kwa wakati, na wale walio mbali waokoe fedha yao wasipige bure. Sisi hatuna ramani hiyo, lakini tuna gazeti, na tuna simu. Katika miezi hii ya baridi, karibu na utabiri wa hali ya hewa, tutengee kona ndogo. Mkulima aandike wadi, zao na siku alipoona manyoya chini ya jani. Jina lake si lazima. Mwenzake aliye upande wa upepo atajua kwamba ana siku chache za kuvalisha matango yake koti kabla mvua ya vijimbegu haijafika. Mzee wangu alikuwa na siku kumi. Nilizijua mimi peke yangu.

Katika barabara yetu tumeanza. Tuko watu 14 kwenye kundi la WhatsApp, tisa wana matango na waliobaki malenge na tikiti. Sheria ya kundi ni moja: ukiona, piga picha ya tumbo la jani, tuma kabla hujaenda dukani. Mwaka jana Juni, picha ya kwanza ilitoka kwa mama wa karibu na bwawa, Jumapili asubuhi kabla ya kanisa. Jioni ile watu sita walikuwa shambani na pampu. Yeye alipoteza kama robo ya majani. Mzee alichuma hadi katikati ya Agosti.

Leo asubuhi, kabla ya kuketi kuandika, nimegeuza majani ya chini ya mstari mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo kama utatupa kona hiyo, ya kwanza ni hii:

Ruai. Matango, kivungulio, mimea miwili ya mstari wa mlangoni, majani ya tatu na ya nne kutoka chini. Manyoya ya kijivu yameonekana Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Majani yamekatwa na kufukiwa. Upepo unaelekea magharibi. Mzee ameshaambiwa.

Mkulima wa matango,
Ruai, Nairobi